Somo: Nini kitatoka kwenye elektrodi? Anza na anodi

Umeme ukipitishwa kwenye myeyusho, vitu hutoka kwenye elektrodi, yaani vipande viwili vinavyoingiza umeme humo: anodi huungwa upande chanya wa betri, kathodi upande hasi. Tutumie mrututu, yaani salfeti ya shaba. Pima gramu 12.5 za fuwele za buluu, ziyeyushe, ongeza maji hadi mililita 100. Elektrodi ni fito mbili za kaboni. Betri volti 6.

Hatua ya 1. Kabla hujaandika ioni (chembe yenye chaji) hata moja, tazama anodi imetengenezwa na nini. Wengi hupotezea alama hapa. Kaboni na platinamu hazishiriki kwenye mmenyuko. Shaba na chuma hushiriki.

Hatua ya 2. Orodhesha ioni zote, za maji zikiwemo: Cu²⁺, H⁺, SO₄²⁻, OH⁻.

Hatua ya 3. Kathodini, shaba na fedha hutangulia kutoka kabla ya hidrojeni: Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu. Potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na alumini hubaki majini; hapo hutoka hidrojeni.

Hatua ya 4. Kwenye anodi ya kaboni, salfeti na naitreti hubaki, hutoka oksijeni: 4OH⁻ → 2H₂O + O₂ + 4e⁻. Kloridi ikiwa nyingi, hutoka klorini.

Basi kathodi itavaa ganda la rangi ya shaba, anodi itatoa viputo, na buluu itafifia taratibu. H⁺ na SO₄²⁻ hazikuondoka, kwa hiyo kinachojengeka bikani (chombo chenye myeyusho) ni asidi ya salfuri. Chovya litimasi ya buluu, karatasi ya kupimia asidi, uone.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimeweka waya za shaba badala ya kaboni. Mbona buluu haififii wala viputo sivioni?*

Anodi yako inaliwa: Cu → Cu²⁺ + 2e⁻. Ioni moja ikiganda kathodini, nyingine inaingia kutoka anodini. Ndivyo shaba inavyosafishwa viwandani. Ampea 0.5 kwa dakika 20 ni kulombi 600 (kipimo cha chaji iliyopita), sawa na gramu 0.2 hivi za shaba. Ukiona unga mweusi unaodondoka badala ya ganda linaloshika, umeme umezidi, upunguze.

*Nimetumia misumari kwenye maji ya chumvi, yakatoka matope ya kijani. Klorini iko wapi?*

Rudi hatua ya 1. Msumari wa anodi umeyeyuka ukawa Fe²⁺, ikakutana na OH⁻ inayobaki upande wa kathodi; hayo matope ni hidroksidi ya chuma, na yakikaa hewani yatageuka kahawia. Weka fito za kaboni na chumvi gramu 30 kwa mililita 100 za maji. Chumvi ikiwa kidogo sana, anodini utapata oksijeni zaidi. Klorini ni sumu: fanyia karibu na dirisha lililo wazi, tumia dakika mbili tatu tu, na usiinamie bika kunusa. Karatasi ya litimasi iliyoloweshwa, ikishikwa juu ya anodi, itapauka yenyewe.