Kuwasha injini ya gari la kale lililolala miaka mingi

Usiguse ufunguo kwanza. Ringi za pistoni huenda zimeshikwa na kutu kwenye kuta za silinda, na starta ikizilazimisha zinavunjika.

Toa plagi zote, mimina kijiko kimoja cha oili nyepesi (kama mililita 15) katika kila silinda, uache siku mbili. Kisha weka gia huru, vaa spana kwenye boliti ya puli ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), uzungushe taratibu kuelekea upande injini inakozunguka. Ikigoma, ongeza oili, subiri tena. Hata wiki nzima. Subira hapa ni nafuu kuliko pistoni mpya.

Ikizunguka, badilisha oili na filta. Funika matundu ya plagi kwa kitambaa, piga starta kwa sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izimike. Oili iliyobaki juu ya pistoni itoke yote kabla ya kurudisha plagi, kwa sababu haibanwi, na inaweza kupinda konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Petroli ya zamani inanuka kama rangi ya mbao na huacha utando wa kahawia unaonata ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Imwage yote, badilisha mipira ya mafuta. Jeti (vitundu vyembamba vya kabureta vinavyopitisha petroli) zizibue kwa hewa ya kompresa, kamwe si kwa waya: tundu likipanuka kidogo tu, mchanganyiko unaharibika.

Gari lisitoke kabla ya kubadilisha mafuta na mipira ya breki.