Namna ya Kuanzisha Darasa la Ngoma Mtaani na Kuliendesha Likadumu

Vikundi vingi vya ngoma katika miji yetu huanza kwa mwaliko wa harusi. Vijana wanaojua kucheza hukusanyika, hushona sare, hufanya mazoezi ya haraka uwanjani, hutumbuiza, hutuzwa, kisha hungoja mwaliko mwingine. Usipokuja, mazoezi hukoma, na yule aliyekuwa akiitwa mwalimu hubaki bila kazi. Mwongozo huu ni kwa mwalimu anayetaka kufuata njia nyingine, yaani kuanza na darasa lenye siku, saa na ada zinazojulikana mtaa mzima, kisha kuacha kikundi cha maonyesho kizaliwe ndani ya darasa hilo. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam, ambako ninafundisha, na taratibu za serikali ninazozitaja ni za Tanzania Bara.

Hatua ya 1: Chagua ngoma chache unazozijua hadi shinani

Ngoma tatu zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Mwalimu anayetangaza kwamba anafundisha ngoma za makabila yote huishia kufundisha mtikisiko mmoja wa kiuno kwa majina tofauti, na wazee wanaopita dirishani hulitambua hilo mara moja.

Ukitaka msingi wa kitaaluma, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ndiyo njia inayojulikana zaidi. Ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, baada ya kikundi cha taifa cha ngoma kuvunjwa, na humo hufundishwa kucheza, kupiga na kuimba. Hata hivyo, cheti hakikuondolei wajibu wa kuwafuata wenye ngoma. Kama unafundisha sindimba, watafute wazee wa Kimakonde, ambao Dar es Salaam wako wengi, ukae nao na uwaulize ngoma hiyo huchezwa lini, na nani, nyimbo zake zinasema nini, na kipi hakifai kuonyeshwa mbele ya watu wasiohusika. Sindimba ina mizizi katika jando na unyago. Kuna mambo yake ambayo si ya jukwaani. Andika majibu hayo katika daftari, ukurasa mmoja mmoja kwa kila ngoma, kwa sababu mzazi au mwanafunzi atakuuliza, na jibu la kubuni hukuvunjia heshima kuliko kukiri kwamba utakwenda kuuliza.

Hatua ya 2: Tafuta sakafu kwanza, ndipo utafute ukumbi

Katika kazi hii yote, jambo linalopuuzwa kuliko mengine ni sakafu. Kumbi nyingi za kukodi mtaani zina sakafu ya saruji au ya vigae, na ngoma zetu nyingi zilizaliwa kwenye udongo. Udongo hupokea kishindo cha mguu. Saruji hukirudisha chote mwilini. Mtoto anayekanyaga kwa nguvu juu ya saruji mara tatu kwa wiki huanza kulalamika maumivu ya muundi, kisha ya magoti, na mara nyingi mama yake humwachisha kabla hajakueleza sababu.

Kama huna fedha za kutosha, fundisha uwanjani kwenye mchanga ulioshindiliwa, saa za jioni jua likiwa limepoa, baada ya kuufagia na kuokota vioo na misumari. Uwanja wa namna hiyo ni bora kuliko ukumbi wa vigae wenye feni. Kama una fedha kidogo, tengeneza sakafu ya mbao inayonesa. Panga mbao za inchi 2 kwa 2 zikiachana takribani sentimita 40, na chini yake weka vipande vya raba ngumu kila baada ya hatua fupi, ili mbao zisigusane na saruji. Juu yake pigilia tabaka mbili za plaiwudi, na viungo vya tabaka la juu visiangukie juu ya viungo vya tabaka la chini. Acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kati ya plaiwudi na ukuta, kwa kuwa unyevu wa pwani huivimbisha mbao, na sakafu isiyoachiwa nafasi huinuka katikati. Kabla ya kila darasa, pita peku juu ya sakafu nzima ukipapasa kwa nyayo kutafuta kichwa cha msumari kilichochomoza.

Kuhusu ukubwa, hesabu mita za mraba 3 kwa mtoto mdogo na 5 kwa kijana au mtu mzima. Kwa hiyo ukumbi wa mita 8 kwa 10 unabeba watu wazima 16 bila kugongana. Kioo kikubwa ukutani si lazima, na mimi nashauri usikiweke kwa mwaka wa kwanza. Ngoma nyingi huchezwa katika duara au katika mistari inayotazamana, mchezaji akimsikiliza mpigaji na kumwona mwenzake. Mtoto aliyewekewa kioo hujitazama mwenyewe, na sikio lake hulala.

Hatua ya 3: Jisajili

Hatua hii si ngumu. Anza na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, kisha umwone afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye atakuelekeza kuhusu usajili na vibali vya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni hupatikana halmashauri. Kama mko kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, ulizeni pia kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mkiipata, itumieni kujenga sakafu na kununua ngoma. Sare zisubiri, kwa kuwa sare hazimfundishi mtu.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kutangaza ada

Chukua mfano huu, ubadilishe tarakimu kulingana na mtaa wako. Una watoto 40, kila mmoja analipa shilingi 20,000 kwa mwezi, jumla 800,000. Ukumbi unachukua 250,000. Wapiga ngoma wawili, kila mmoja 10,000 kwa kipindi, kwa vipindi 12, wanachukua 240,000. Umeme, maji na usafi ni 40,000, na akiba ya kukarabati sakafu na kuwamba ngozi mpya ni 50,000. Jumla ya matumizi ni 580,000, na mwalimu anabaki na 220,000. Sasa tuseme watoto 10 hawajalipa mwezi huo. Mapato yanashuka hadi 600,000, na mwalimu aliyefanya kazi mwezi mzima anabaki na shilingi 20,000.

Hapo ndipo walimu wengi huacha darasa na kurudi kungoja harusi. Dawa yake ni mbili. Kwanza, ada ilipwe kabla ya tarehe 5, na iandikwe katika kadi ya mtoto ambayo mzazi anaiona. Pili, fungua darasa la jioni la watu wazima. Kina mama na kina baba wanaotaka mazoezi ya mwili hufurahia ngoma kuliko kukimbia barabarani, na wako radhi kulipia kila wanapokuja. Watu 15 wakilipa 5,000 kwa kipindi, vipindi 8 kwa mwezi vinaleta 600,000, na ukumbi umekwisha kulipiwa. Fedha hiyo ndiyo inayokuwezesha kuwapokea bila ada watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Amua mapema nafasi hizo zitakuwa ngapi, na usizitangaze kwa majina.

Wapiga ngoma walipwe siku hiyo hiyo, hata kama wewe hujalipwa. Mpigaji mzuri ni nusu ya somo, na akikosekana hakuna spika inayoweza kuitazama miguu ya mtoto na kupunguza mwendo.

Hatua ya 5: Panga kipindi chenyewe

Dakika 75 zinatosha kwa watoto wa miaka 7 hadi 12. Watoto waingie, waseme shikamoo, waitikiwe, wavue viatu, waitwe majina. Kisha pasha miili joto kwa mwendo unaofanana na ngoma ya siku hiyo: kutembea magoti yakiwa yamelegea, kuzungusha mabega, kuhamisha uzito mguu hadi mguu. Unyooshaji mrefu wa viungo uuweke mwishoni, miili ikiwa na joto. Maji yanywewe kila baada ya dakika 20, kiu iwepo isiwepo, hasa kuanzia Desemba hadi Machi.

Nitaeleza kwa kirefu namna ninavyofundisha mwendo mmoja, kwa kuwa utaratibu huu unafaa kwa ngoma nyingine pia. Bugobogobo ya Wasukuma inatokana na kilimo cha pamoja, na wachezaji wake hushika majembe. Magoti yamekunjwa, kiwiliwili kimeinama mbele, na uzito unashuka chini pamoja na pigo zito la ngoma kubwa. Mwalimu mwenye haraka humpa mtoto jembe siku ya kwanza na kumwambia aige. Mimi huanza na mdomo. Watoto hukaa chini katika duara, mpigaji anapiga mdundo, nao wanauimba kwa sauti zao hadi kila mmoja aweze kuuimba ngoma ikiwa imenyamaza. Halafu wanaupiga kwa viganja kwenye mapaja. Halafu wanasimama na kuhamisha uzito tu, bila kuinua mguu. Magoti hufuata, kisha kiwiliwili. Kifaa cha mkononi huja mwisho kabisa, na hata hapo kinakuwa fimbo nyepesi yenye urefu wa mpini, huku kila mtoto akiwa amenyoosha mkono na kuhakikisha hamfikii mwenzake. Jembe la chuma ni la watu wazima waliokwisha kuzoeana.

Wakati wanacheza, usitazame mikono. Tazama goti linakoelekea: likunjwe kufuata kidole cha pili cha mguu, lisiangukie ndani. Tazama pia visigino. Mtoto ambaye visigino vyake vimeanza kuinuka katika mwendo unaotaka nyayo zote ziwe chini amechoka mapaja, na kumkaripia ajitahidi zaidi ni kumtafutia jeraha. Mpe dakika mbili akae karibu na mpigaji na apige kofi la mdundo. Humo humo anajifunza.

Funga kipindi kwa duara, kila mtoto aingie katikati kwa mapigo manane na kucheza apendavyo, wengine wakimwitikia kwa wimbo. Asiyetaka kuingia asilazimishwe. Wiki chache baadaye ataingia mwenyewe.

Hatua ya 6: Wape wazazi majibu kabla hawajauliza

Swali litakalokuja ni moja. “Mwalimu, binti yangu si atafundishwa kukata viuno?” Usikasirike, kwani mzazi huyo ameona vigodoro, yaani sherehe za mtaani za usiku, na ana haki ya kuogopa. Mjibu kwa heshima: “Mama, karibu ukae pale kwenye benchi, utazame kipindi kizima, na ukiona jambo lisilokupendeza uniambie.” Benchi hilo liwepo siku zote, na mlango uwe wazi. Eleza kwamba mwendo wa kiuno katika ngoma zetu una mahali pake na maana yake, kwamba watoto hufunga kibwebwe juu ya nguo zao za mazoezi, na kwamba nyimbo zenye maneno ya watu wazima hazifundishwi katika darasa lao.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Weka kanuni na uzibandike ukutani: mwalimu asibaki peke yake na mtoto mmoja ndani ya ukumbi, mwalimu anaporekebisha mkao aeleze kwanza kwa maneno na aonyeshe kwa mwili wake mwenyewe, na akihitaji kumgusa mtoto aombe ruhusa, na mtoto asiondoke na mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la wanaoruhusiwa kumchukua. Picha na video zisipelekwe mtandaoni bila idhini ya maandishi ya mzazi. Video ya watoto wakicheza vizuri inavutia wanafunzi wapya, nami naelewa kishawishi hicho, lakini ukishairusha huna tena mamlaka juu ya atakayeitazama.

Hatua ya 7: Sasa unda kikundi cha maonyesho

Subiri hadi darasa limekaa angalau miezi sita. Kikundi kichaguliwe miongoni mwa wanafunzi wa miaka 18 na kuendelea, kiwe na siku yake ya mazoezi, na mapato yake yagawanywe kwa kanuni iliyoandikwa: sehemu ya wachezaji na wapigaji, sehemu ya usafiri na mavazi, sehemu ya darasa. Fedha ya kutuzwa ihesabiwe mbele ya wote kabla ya kupanda gari. Watoto waonekane katika onyesho la darasa la mwisho wa muhula, mchana, mbele ya wazazi wao, na si katika shughuli za usiku. Mwaliko wa harusi ukigongana na siku ya darasa, darasa lishinde, au akuwakilishe msaidizi anayejulikana kwa watoto.

Hatua ya 8: Andaa wasaidizi

Wachague wawili wenye subira, hata kama si wachezaji bora kuliko wote. Waanze kwa kuongoza dakika za kupasha mwili joto, kisha wafundishe mwendo mmoja ukiwa umekaa pembeni umenyamaza, na marekebisho uwape baada ya watoto kuondoka. Siku msaidizi anaposhika kipindi kizima peke yake, alipwe kwa kipindi hicho. Muachie daftari la ngoma, orodha ya majina, namba za simu za wazazi na ufunguo wa pili wa ukumbi.