Jinsi ya kuziangalia sanamu za bronzi za Germaine Richier mpaka zikuingie

Wengi wakiona kazi za Richier mara ya kwanza wanarudi nyuma, ngozi imechunika, kuna matundu tumboni, mwingine ana kichwa cha mdudu, basi wanapiga picha moja wanasepa. Msisepe jamani. Huyu mama wa Kifaransa (1902–1959) alifundishwa Paris na mchongaji Bourdelle, na Bourdelle mwenyewe alishafanya kazi miaka kibao kwa Rodin, mchongaji maarufu wa Ufaransa, kwahiyo Richier mwili wa binadamu alikuwa anaujua vizuri sana na ukiona ameuharibu jua amekusudia.

Anza na miguu. Usikimbilie uso, mara nyingi hata uso wenyewe haupo. Angalia uzito umeegemea mguu gani, goti limekazwa au limelegea, halafu panda taratibu mpaka nyonga na mabega. Richier alikuwa anasimamisha mtu hai mbele yake, anamchorea mistari mwilini, anapima kwa timazi na bikari kutoka nukta hadi nukta, ndipo anahamishia vipimo kwenye udongo. Ndio maana hata kile kiumbe kilichochakaa kabisa kinasimama sawasawa, hakiyumbi. Kwenye baadhi ya kazi hiyo mistari ameiacha inaonekana, itafute.

Ukiwa na L'Orage (maana yake dhoruba, ya 1947–48) kaa nayo muda mrefu, hii ndio ya kujifunzia. Aliyesimama kama modeli ni mzee Nardone, yule yule aliyewahi kuwa modeli wa Rodin kwenye ile sanamu ya mwandishi Balzac miaka kama hamsini nyuma! Sasa fikiria, mwili ule ule, umezeeka, vita kuu mbili zimepita katikati. Tumbo zito, mikono inaning'inia, uso umefutika. Zunguka mpaka mgongoni, maana mgongo wake unaongea kuliko mbele.

Kitu kingine, sogea ubavuni uone mwanga ukiipiga sanamu kwa pembeni. Bronzi haikuchongwa, imesubiwa, yaani kazi inaanza kwa udongo au plasta, fundi anatoa kalibu, ndipo shaba na bati iliyoyeyuka inamiminwa, kwahiyo alama ya kidole au kisu aliyoacha Richier kwenye udongo inabaki humo humo kwenye bronzi. Hayo matundu na mikwaruzo ni mkono wake, sio kutu.

Ukifika kwa wadudu (Panzi, Vunjajungu, Buibui) usihangaike kuuliza huyu ni mtu au mdudu, angalia mkao tu. Panzi amejikunja kama mtu anayetaka kukurukia. Na Le Griffu (mwenye makucha) ya 1952 ana nyaya zimetandazwa kutoka kwenye kucha zake mpaka chini, mimi naona ni ile mistari ya vipimo imetoka nje ya mwili, na ukishaiona hivyo kazi zake zote zinafunguka.

Kuna moja inataka utulivu zaidi, Kristo wa kanisa la Assy kule milima ya Alps, Ufaransa, 1950. Mikono imeungana na msalaba, uso hauonekani. Ilizua kelele, askofu akaamuru itolewe 1951, ikarudishwa madhabahuni baada ya miaka mingi. Eneo lile lilikuwa na sanatoria, yaani hospitali za mapumziko, za wagonjwa wa kifua kikuu, na nadhani mtu aliyekondeana kitandani alimtambua huyo Kristo haraka kuliko askofu. Soma Isaya 53, ile ya mtumishi anayeteseka asiye na uzuri wa kutazamwa, kabla hujaingia.

Sanamu hiyo ipo Assy mpaka leo. Ukiwa Venice nenda makumbusho ya Peggy Guggenheim Collection, wanayo Tauromachie (mchezo wa kupigana na ng'ombe dume) ya 1953, mtu mwenye kichwa cha mkuki wa meno matatu na fuvu la ng'ombe dume miguuni. Izunguke yote, ukianzia chini.