Kwilti ya vitenge isogee, na springi, majira haya ya maua, nayo usiikose

Kwilti yangu, yaani blanketi la viraka, nimefika bloku (kipande cha mraba) ya 15 kati ya 24, na nje ya dirisha maua ya dafodili yamefunguka yote kwa mpigo, kwa hiyo naandika hii huku pasi inapata moto. Akina dada wa kanisani wananiuliza kila mara, wewe kwilti yako inasogeaje, maana wengi wanaanza Desemba kwenye baridi kwa mbwembwe zote, ikifika Aprili jua likichomoza kitambaa kinarudi kwenye mfuko chini ya kitanda hadi baridi nyingine. Mi nilifanya hivyo miaka miwili. Siku hizi kila hatua ya kazi naipa hali yake ya hewa, kuna kazi za mvua, kuna kazi za jua, na kuna siku sigusi cherehani kabisa.

Naishi Lancaster, Pennsylvania, Marekani, na hapa ukitaka kujifunza kwilti umefika penyewe, Waamish, wale Wakristo wanaoishi kizamani, wamejaa. Siku ya kwanza kumwona mama wa Kiamish anakanyaga cherehani ya miguu nilicheka peke yangu, nikajiona niko barazani kwa fundi kule Morogoro, mlio ule ule kabisa. Halafu kuanzia mwisho wa Februari mpaka Aprili vikosi vya zimamoto vya kujitolea vijijini vinafanya minada yao, wenyewe wanaiita minada ya tope kwa sababu theluji ndo imeyeyuka na uwanja wote ni matope, wanauza majembe, fanicha, chakula, na kwilti nyingi sana. Nenda hata kama huna hela. Nawa mikono, omba kugeuza, angalia mgongo wa kwilti, huko nyuma ndo utaona mtu anajua au anabahatisha. Na vaa buti, mi nilienda na raba nyeupe, acha tu.

Haya tuanze. Kwilti ni matabaka matatu, juu viraka, katikati pamba ile inayouzwa imetandazwa kama blanketi jembamba, chini kitambaa kizima cha mgongo, halafu unavishona pamoja. Wazee walikuwa na neno mfarishi kwa kitu cha namna hii ila mi nimeshazoea kusema kwilti. Ya kwangu ni inchi 54 kwa 72, inafunika mtu mzima kwenye kochi. Ina bloku 48, mistari minane ya bloku sita sita, nusu ni za viraka tisa na nusu ni kitambaa kizima, zinapishana kama ubao wa drafti. Ndo maana nahesabu 24 tu, zile za kitambaa kizima zinakatwa siku moja, ukizihesabu unajidanganya kwamba umefika mbali.

Kazi ya kwanza ni ya siku ya mvua: kufua na kukata. Kitenge kipya kina wanga mwingi na rangi nyingine zinachuja, hasa nyekundu na bluu ile nzito. Usisikilize mambo ya chumvi na siki, kwa rangi za viwandani hayasaidii. Fua kila kimoja peke yake, afu kikiwa bado kibichi weka kitambaa cheupe juu ukandamize na pasi, kama cheupe kimeshika rangi rudia kufua, kikiendelea kuchuja mara ya tatu kishonee mkoba, usikiweke kwenye kwilti. Tumia vitambaa vya pamba tupu, ukichanganya na ile polyester ya kuteleza pasi yenyewe itakuumbua.

Viraka vya bloku ni inchi tatu na nusu, vikishashonwa vinabaki tatu. Ila usikate kimoja kimoja jamani, utazeeka. Kata mikanda yenye upana wa inchi tatu na nusu, shona mitatu mitatu, halafu ukate tena kwa kukingama kila inchi tatu na nusu. Seti ya kwanza ni giza, mwanga, giza. Seti ya pili ni mwanga, giza, mwanga. Kila bloku inataka vipande viwili vya seti ya kwanza na kimoja cha pili. Mkanda wa inchi 42 unatoa vipande 12, kwa hiyo kwa bloku 24 unahitaji seti nne za kwanza na mbili za pili, yaani mikanda 10 ya giza na 8 ya mwanga. Kama una mabaki mafupi ya fundi kama mimi, ongeza idadi ya seti, hesabu ni ile ile. Zile za kitambaa kizima ni inchi tisa na nusu, yadi moja na robo tatu inatosha zote 24.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaharibu, na mi niliharibu. Mshono wa kwilti ni robo inchi, sio ule wa gauni. Bandika vipande vya tepu vimepandana kwenye sahani ya cherehani, robo inchi kamili kutoka sindano, kitambaa kiwe kinagusa ukingo wa tepu. Shona mikanda mitatu ya majaribio, piga pasi, pima: yote pamoja iwe tisa na nusu, ule wa katikati uwe tatu kamili. Bloku zangu nane za kwanza zilitoka tisa na robo, nikasema robo inchi ni nini bwana, nilipoziunga na zile za kitambaa kizima zikavuta pembeni kama sura ya mtu mwenye jino bovu. Nilifumua zote nane jioni mbili.

Pasi nayo usiiburuze. Iweke juu, kandamiza, inua. Mishono yote ilalie upande wa kitambaa cha giza, hapo ukija kuunga seti ya kwanza na ya pili mishono inakutana imelala pande tofauti, unaisikia kwa kidole inajifunga yenyewe na kona zinakaa sawa bila pini nyingi.

Kupanga rangi, hii ni kazi ya jua. Nimepigilia ukutani, mkabala na dirisha, kitambaa cha meza cha plastiki kimegeuzwa ule upande wa manyoya, bloku zinashika zenyewe. Panga mchana, usipange usiku chini ya balbu, utaamka asubuhi ukute kijani kimekuwa cha matope. Saa zinasogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo ukitoka kazini saa moja jioni bado una mwanga kidogo. Ukishapanga piga picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe, utaona mara moja wapi giza na mwanga vimechanganyikana.

Na rangi usizitafute mbali, angalia nje. Nyuma ya nyumba yetu kuna mti wa redibadi, mwishoni mwa Aprili unatoa maua ya zambarau inayoelekea pinki, yanatoka moja kwa moja kwenye gome kabla hata ya majani, yaani tawi kavu la kahawia limevaa shanga. Nilikuwa na kitenge cha kahawia nilichokichukia miaka mitatu, nikakiweka karibu na pinki, basi. Kabla ya hapo maua ya krokasi yalishatoka mwezi wa tatu theluji bado iko pembeni ya ukuta. Forsithia ndo kile kichaka cha maua ya njano tupu, hii ina mchezo wake mzuri: Februari au Machi mwanzoni kata matawi yenye vichipukizi vilivyovimba, weka kwenye maji ya uvuguvugu ndani, mbali na hita, badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu, baada ya wiki moja au mbili yanachanua mezani wakati nje bado unavaa koti. Mi naweka pembeni ya cherehani. Petali zikidondoka kwenye kitambaa zikung'ute kabla ya pasi.

Dafodili nilizikuta, alipanda mpangaji wa zamani. Kindi hawazigusi, zina sumu, ila tulipu zangu walizifukua kama wanalipwa. Maua yakinyauka kata kichwa tu, majani yaache mpaka yawe ya njano yenyewe, ndo yanalisha kile kitunguu cha ua kilichoko chini kwa ajili ya mwaka kesho.

Utaratibu wangu ni bloku moja kila jioni kabla ya kutoka nje, pamoja na pasi ni kama dakika ishirini, halafu nachukua kikombe cha chai naenda kuangalia kimechipua nini. Nimechora visanduku 24 kwenye karatasi mlangoni, mtoto anavipaka rangi, ananisuta nikiruka siku.

Bloku zikikamilika unaunga mistari, halafu mistari kwa mistari. Mgongo natumia doti ya kanga, mbili zimeungwa kwa ule upande mrefu, inatosha ila kwa kubana, pima yako kwanza maana kanga hazilingani. Jina la kanga usilikate, liache lisomeke nyuma. Sasa chagua siku ya mvua tena, sogeza meza, bandika mgongo sakafuni kwa tepu, uso chini, unyooke bila kuuvuta sana, pamba juu, viraka juu yake. Pini za usalama kila upana wa kiganja, au piga bandi, yaani mishono ya muda, kwa uzi mrefu kama huna pini za kutosha. Shona kuanzia katikati kwenda nje, ukianzia pembeni utasukuma kikunjo mpaka kikukwamie katikati. Mistari iliyonyooka inatosha, mambo ya maua na mawimbi yatakuja baadaye. Soma pakiti ya pamba, imeandika mistari isizidi umbali gani.

Ukingo sasa, hii ndo zawadi ya Mei. Mikanda saba ya inchi mbili na nusu imeungwa, imekunjwa katikati, unaishona mbele kwa cherehani, halafu unaipindua nyuma na kumalizia kwa mkono. Hiyo ya mkono naifanyia nje. Tandika mkeka, vaa subana, kaa kivulini kwa sababu jua linapausha vitenge, na siku ambayo poleni ya miti inaanguka kama unga wa njano baki ndani tu. Kupe huku ni wengi na wana ugonjwa wa Lyme, soksi ndefu, na ukirudi ndani jikague nyuma ya magoti, na kwilti uikung'ute.

Sukuma wiki zangu ziko dirishani kwenye vikopo, zinavumilia baridi kwa hiyo zinatoka nje mwezi huu, mchicha unasubiri mpaka katikati ya Mei maana jalidi, ule umande wa barafu, inaweza kurudi usiku wowote. Bado bloku tisa. Kesho wamesema mvua siku nzima, nadhani zitatoka tatu.