Usimchue mgonjwa, mpapase

Sisi wa Dodoma tukisikia mtu anaumwa mgongo, tunauliza dawa ya kuchua iko wapi. Ndivyo nilivyofanya baba aliporudishwa nyumbani Chamwino na kansa ya tezi dume iliyokwisha kuingia mifupani. Nilimchua kwa mikono hii iliyozoea kutwanga uwele. Hakusema kitu, ila usiku kucha hakulala, na asubuhi begani palikuwa peusi. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu mgonjwa wa maradhi mazito, alipokuja alinieleza kwamba mfupa ulioliwa na kansa unaweza kuvunjika kwa kukandwa tu. Mgongo niuache. Akanionyesha namna ya kushika miguu na mikono, na ndiyo ninayowaeleza hapa.

Kwanza dawa. Kupapasa hakuchukui nafasi ya mofini, ile dawa kali ya maumivu. Baba alikunywa mofini yake ya maji kwa saa zilezile alizopangiwa, nami nilisubiri kama nusu saa ndipo nimguse.

Kata kucha, vua pete, nawa. Mwezi wa saba upepo wa huku unakausha ngozi mpaka inapasuka, na mikono inakuwa baridi kama mtungi, kwa hiyo ipashe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Mafuta nilitumia ya alizeti, yasiyo na harufu. Yenye manukato makali humtia mgonjwa kichefuchefu. Chupa niliitumbukiza kwenye maji yaleyale ya beseni.

Kisha omba ruhusa. Hata kwa baba yako. Nilikuwa namsalimu kwa Kigogo, kisha nauliza, "Mbukwa baba, nishike miguu?" Siku nyingine alitikisa kichwa kukataa, nikakaa tu karibu naye.

Akikubali, weka mguu mmoja katikati ya viganja vyako viwili na usifanye chochote. Acha pumzi zake kama kumi zipite. Hapo ndipo wengi tunakosea, tunakimbilia kusugua. Halafu telezesha kiganja chote, si ncha za vidole, kutoka vidoleni hadi juu kidogo ya kifundo, polepole, kwa uzito ule ambao ungempaka mtoto mchanga mafuta. Mkono mmoja ukiondoka, mwingine ubaki umeshika, asishtuke. Ukimaliza mguu huo ufunike blanketi kabla ya kwenda wa pili. Mikononi fanya vilevile, na kiganja chake kifungue taratibu kwa vidole gumba vyako. Dakika tano zinatosha, kumi ni nyingi.

Macho yawe usoni kwake. Paji likikunjana, vidole vya miguu vikijikaza, au pumzi ikipanda, umezidisha. Asiyeweza kusema husema hivyo.

Kuna mahali pa kuacha kabisa: penye uvimbe, kidonda, ngozi iliyochomwa na mionzi. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, huenda damu imeganda ndani. Usiuguse, mwite muuguzi. Wekundu usioondoka kwenye kisigino au juu ya makalio usisugue, utaifumua ngozi. Mgeuze, umwekee mto. Penye majimaji au damu, vaa glavu.

Wifi yangu hakuweza kumgusa baba mkwe, na hakuna aliyemlazimisha. Yeye alipewa upepeo wa ukili. Nilidhani ni kumpa kazi tu, kumbe upepo mwembamba usoni, karibu na pua na mdomo, hupunguza ile hali ya kukosa pumzi. Alikaa kichwani pake jioni nzima akipepea, na simu ikipiga zeze kwa sauti ya chini.

Mizizi na majani ambayo ndugu walileta kutoka Mpwapwa tulimwonyesha muuguzi kwanza, maana nyingine hazipatani na dawa za hospitali. Tulikubaliana zisitumike.

Unapomaliza, usiondoe mkono ghafla. Uache umetulia kidogo, useme unaondoka, ndipo uuinue. Mara moja niliinua bila kusema, nikidhani amelala. Akanyoosha mguu nje ya blanketi, akaungoja mkono wangu.