Roma kwa siku moja, mkiwa wawili

Mkiwa na siku moja tu Roma, wewe na mwenzio, msijaribu kubana Colosseum (uwanja wa kale wa mapigano) na makumbusho ya Vatican kwa pamoja. Foleni zitawamalizia mchana wote na jioni mtakuwa mmenuniana. Chagueni upande mmoja. Mimi ningechukua Colosseum: tiketi yake inawaingiza pia kwenye magofu ya Foro, uwanja mkuu wa mji wa kale, na kilima cha Palatino, na mkiikata mapema mtandaoni mnachagua saa ya kuingia. Baadaye tembeeni kwa miguu hadi Pantheon, hekalu la kale (si bure tena tangu Julai 2023), kisha chemchemi ya Trevi.

Maji msinunue. Bebeni chupa tu. Mitaani kuna mabomba ya chuma yanayoitwa nasoni, yapo tangu 1874, na maji yake ni baridi, safi, tena bure. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka kupitia kitundu cha juu, unywe bila kuhangaika.

Kahawa nyweni mmesimama kaunta. Mkikaa mezani bei hupanda, hasa karibu na vivutio. Na mtandio uwe mkobani, maana makanisani mabega wazi na kaptula fupi huzuiwa mlangoni.