Kuunyang'anya mrututu bluu yake, na kuirudisha

Waliokulia kwenye kahawa wanaujua mrututu, zile fuwele za bluu zinazochanganywa na chokaa kupulizia mibuni. Ni salfeti ya shaba, na ni sumu: usitumie chombo cha jikoni, na nawa mikono ukimaliza.

1. Saga fuwele chache, nusu kijiko cha chai. Unga utapauka kidogo, usishtuke.

2. Tia kwenye testi tyubu kavu. Ishike kwa kibanio ikiwa imelala, mdomo ukiinama kidogo. Hapa ndipo wanafunzi wangu wanapovunja vyombo: wakiisimamisha, maji yanarudi kwenye kioo cha moto na kioo kinapasuka.

Maji gani, wakati unga ni mkavu? Subiri.

3. Pasha kwa moto mdogo wa taa ya spiriti, ukiisogezasogeza. Matone yataota mdomoni. Maji hayo yalikuwa ndani ya fuwele, molekuli tano kwa kila ioni (chembe yenye chaji) ya shaba. Bluu itafifia hadi unga uwe mweupe kama chokaa. Zima.

4. Ikipoa kabisa, dondosha tone la maji. Bluu inarudi papo hapo, na ukigusa tako la testi tyubu utasikia joto.

Siri iko kwenye elektroni za shaba. Maji yakiizunguka ioni, elektroni hizo hugawanyika kwenye ngazi mbili za nishati, na kuruka kutoka ya chini kwenda ya juu kunahitaji nishati iliyo kwenye mwanga mwekundu. Wekundu unamezwa, jicho linapata bluu iliyobaki. Maji yakiondoka pengo linapungua, shaba inameza mwanga wa infraredi ambao hatuuoni, na unga unaonekana mweupe.

MASWALI

*Mwalimu, wangu umekuwa mweusi!*
Umeuunguza, ndugu. Hiyo ni oksidi ya shaba, na maji hayatairudisha bluu. Moshi wake unawasha koo, fungua madirisha.

*Salfeti ya zinki mbona nyeupe, na ina maji?*
Swali zuri. Ngazi zile kwenye zinki zimejaa elektroni, hakuna nafasi ya kurukia.

*Na tanzanaiti ya Mererani? Nayo si huchomwa?*
Huchomwa, lakini haitoi maji. Rangi yake inatokana na metali ya vanadi, kidogo tu, iliyomo ndani. Mawe mengi hutoka mgodini yakiwa na hudhurungi. Joto la nyuzi 500 hivi huiondoa, bluu na zambarau zikabaki. Hata ukililoweka mwaka mzima, hudhurungi hairudi.